Kuuza kadi za zamani za besiboli na kikapu Marekani: uzoefu wangu wa eBay, duka la kadi, dalali wa mnada na upimaji wa daraja

Hizi njia nne nimezitumia zote, na jibu langu kwa anayeuliza kama sanduku lake la kadi hizi, zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma, lina pesa ni moja: tazama mwaka kwanza, jina la mchezaji baadaye. Naandika hasa kwa wenzetu walioko Marekani na Kanada, wanaokutana na masanduku haya kwenye garage sale (watu wanapouza vitu vyao vya zamani nyumbani), kwenye vyumba vya storeji vinavyopigwa mnada, au kwenye kazi za kuhamisha nyumba. Mwaka uko nyuma ya kadi. Soma takwimu za mchezaji. Msimu wa mwisho ukiwa 1989, kwa kawaida kadi ni ya 1990.

Kadi zilizochapishwa kati ya 1986 na 1993 hivi ndizo zilizojaa kwenye masanduku mengi, na ndizo zilizododa. Kabla ya 1981 soko la kadi za besiboli lilikuwa karibu lote mikononi mwa kampuni ya Topps. Mwaka huo kampuni za Fleer na Donruss zikaingia, Score akafuata 1988, Upper Deck 1989. Wakati huohuo watu walikuwa wameona kadi za miaka ya 1950 zikipanda bei, wakaanza kununua katoni nzima na kuziweka wakisubiri utajiri. Kadi za 1950 zilipanda kwa sababu watoto walizichezea na wazazi wakazitupa, zikabaki chache. Za 1990 hakuna aliyezitupa. Viwanda vilichapisha kwa wingi mno na kila nakala ikatunzwa, ndiyo maana hata leo boksi la Donruss la 1990 ambalo halijafunguliwa linapatikana kwa dola 20 au 30.

Chukua seti kamili ya Topps ya 1987, kadi 792, ile yenye fremu inayofanana na ubao. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, huuzwa kwa dola 20 hivi. Mnunuzi akilipa dola 12 za posta, eBay wanakata asilimia kama 13 ya dola 32 zote, wala si ya zile 20 peke yake, halafu wanaongeza senti za kila oda. Ukishalipa posta, unabaki na dola 15 na kitu. Toa gharama ya boksi la kufungia, toa muda wa kuhesabu kadi 792 uhakikishe hakuna iliyokosekana, na ujue mnunuzi akikuta moja haipo ana haki ya kurudisha seti nzima. Kwa hesabu hiyo siuzi seti za miaka hiyo kwa posta. Nazipeleka kwa mnunuzi wa karibu, mkono kwa mkono.

Kosa linaloumiza wauzaji wengi ni kuangalia bei anayoiomba muuzaji mwingine. Kadi ya senti 10 inaweza kuwekewa dola 5,000 na isiuzwe milele. Kwenye eBay weka kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, kisha linganisha nakala yenye mwaka, kampuni, namba ya kadi na hali kama ya kwako. Pale mnunuzi alipopatana bei, eBay huonyesha ile ya awali ikiwa imekatwa mstari. Bei halisi iliyokubaliwa utaipata kwenye tovuti ya 130point. Vitabu vya bei vya Beckett vya miaka ya 1990, ambavyo mara nyingi huwa ndani ya sanduku lilelile, visikupe matumaini. Bei zile zilikuwa za soko ambalo halipo tena.

Hata hivyo usitupe sanduku kabla ya kulichambua, maana kuna kadi chache za kuchomoa. Kadi ya Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, namba 1, bado inatafutwa. Frank Thomas wa Topps 1990, namba 414, ana thamani kubwa ikiwa jina lake halikuchapishwa upande wa mbele. Ikiwa jina lipo, ni kadi ya kawaida. Derek Jeter wa SP (toleo la Upper Deck) 1993, namba 279, anauzika vizuri. Kwenye kikapu tafuta Michael Jordan wa Fleer 1986, namba 57, na Kobe Bryant wa Topps Chrome 1996, namba 138. Kwenye hoki ya barafu tafuta Wayne Gretzky wa 1979, wa O-Pee-Chee, kampuni ya Kanada, au wa Topps. Angalia pia kadi za Topps 1991 zenye muhuri wa dhahabu wa Desert Shield, zile zilizopelekwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ghuba. Hizo ni adimu kweli, lakini muhuri wake unaghushiwa sana.

Kadi ya Jordan namba 57 nayo imeghushiwa kupita kiasi. Nunua kikuza cha mara 30, hakizidi dola 15. Kadi halisi ya enzi hiyo ilichapwa kwa ofseti: picha imejengwa kwa vidoti vilivyopangika, lakini herufi na mistari ya fremu ni wino mzima usio na vidoti. Ukiona vidoti ndani ya herufi nyeusi, hiyo ni nakala iliyoskaniwa. Kisha pima kwa rula: kadi ya kawaida ni milimita 63.5 kwa 89. Iliyopungua upande mmoja huenda ilikatwa ili kona zionekane kali, na wapima daraja, yaani kampuni zinazoipa kadi alama ya hali yake, wataikataa.

Sasa kuhusu upimaji, ambako naona watu wakipoteza pesa zaidi kuliko popote. Kampuni ya PSA hupima hali ya kadi kwa daraja 1 hadi 10 na kuifunga kwenye plastiki ngumu. Huduma ya bei ya chini ni zaidi ya dola 20 kwa kadi, na posta ya kwenda na kurudi pamoja na bima ni juu yako. Yule Griffey akipata 10 anauzwa zaidi ya dola elfu moja. Akipata 9, bei inaporomoka hadi sehemu ndogo ya hiyo. Akipata 8, ukitoa gharama unarudi karibu na pale ambapo ungemuuza bila kumpima. Nakala zake zilizokwisha kupimwa ni nyingi mno, kwa hiyo mnunuzi hana haraka. Kadi ya mchezaji wa kawaida wa 1988, hata ikipata 10, mara nyingi hairudishi ada.

Kabla ya kulipa ada hiyo, pima mwenyewe. Weka rula kwenye kingo nyeupe za mbele: kushoto ikiwa milimita 3 na kulia 2, uwiano ni 60 kwa 40, na PSA kwa daraja 10 wanataka usizidi takriban 55 kwa 45. Inamisha kadi chini ya taa uone mikwaruzo. Tazama kona nne kwa kikuza. Nyuzi nyeupe zikionekana, sahau 10. Geuza nyuma utafute doa la bazoka (chingamu), kwani Topps waliweka bazoka kwenye pakiti hadi 1991 na mafuta yake hupenya karatasini. Raba ya kufungia noti huacha alama ya kubonyea pembeni. Kadi zenye mng'ao za miaka ya 1990 zikikaa kwenye besimenti yenye unyevu hugandana kuwa tofali moja, na ukizibandua rangi inatoka. Usijaribu kusafisha kwa kitambaa chenye maji wala kunyoosha kwa pasi.

Duka la kadi ndilo ninalolikubali zaidi kwa kadi za kati, zile za dola 20 hadi 200. Mwenye duka hulipa karibu nusu ya bei ya eBay, pengine asilimia 60 kwa kadi inayotoka haraka. Hiyo si dhuluma: anabeba ada, muda na hatari ya kutouza. Nenda na kadi ulizokwisha kuzichomoa na bei zilizouzwa zikiwa kwenye simu. Ukimtua masanduku mazima mezani atakupa bei ya mzigo, na kadi nzuri zitakwenda humohumo. Kwa kadi za kawaida, sanduku la 5,000 hupata dola 10 hadi 20, na maduka mengi hayataki kabisa.

Dalali wa mnada anafaa kwa kadi kubwa tu, hasa za kabla ya 1970. Huko ndiko kwenye pesa ya kweli: Mickey Mantle wa Topps 1952 aliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, na hata nakala yake iliyochakaa ina maelfu. Kwenye mkataba soma mambo matatu: nani analipia upimaji, malipo yanatoka baada ya siku ngapi, na kama dalali ana ruhusa ya kuunganisha kadi zako kwenye fungu moja. Kifungu hicho cha tatu nakikataa kila mara, maana kadi ya dola 80 ikitiwa kwenye fungu humezwa.

Ukiuza kadi moja moja eBay, tia kadi kwenye kifuko laini, kisha kwenye plastiki ngumu, ziba mdomo kwa tepu ya buluu ya wapaka rangi, halafu ibane kati ya vipande viwili vya kadibodi. Tepu angavu huacha gundi na mnunuzi hukwangua kadi akiitoa. Kwa kadi isiyozidi dola 20, eBay wana bahasha maalumu yenye ufuatiliaji, nafuu kuliko kifurushi.

Kilichobaki, panga kwa timu na si kwa mwaka. Shabiki wa timu ya besiboli ya Cubs aliye Chicago atanunua fungu la Cubs 300 ambalo asingeligusa likiwa limechanganywa. Yasiyochukuliwa wape watoto wa shule au maktaba ya jirani. Usiyapakie kwenye pipa la kutuma Mombasa au Dar: sanduku la kadi 3,200 lina zaidi ya kilo 5, na huko hakuna mnunuzi wa besiboli.