Mimea ya Ofisini: Upi wa Kununua Kwanza, Upi wa Kuuacha Kitaluni

Muuza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo atakwambia huu unasafisha hewa, ule unatoa oksijeni usiku, na wa pembeni unavuta fedha. Msikilize kwa adabu, kisha muulize swali moja: utavumilia kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, kiyoyozi kimezimwa, madirisha yamefungwa na hakuna wa kuumwagilia?

Habari ya kusafisha hewa ilivuma kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya masanduku yaliyozibwa. Ofisi yenye mlango unaofunguliwa kutwa haiko hivyo. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya majaribio ya aina hiyo wakakuta kwamba ili mimea ilingane na kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka jengoni, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Meza mtaweka wapi? Faida yenye ushahidi zaidi ni ya macho na akili. Utafiti wa 2014 katika ofisi za Uingereza na Uholanzi ulionyesha tija ikipanda kwa asilimia 15 mimea ilipowekwa mahali palipokuwa patupu. Kwa hiyo mmea wa kununua ni ule utakaobaki na sura nzuri. Uliokauka pale mapokezi humweleza mgeni mengi kuliko bango la dira na dhamira.

Nafasi ya kwanza: zamioculcas, ambao vitaluni wengi huuita ZZ. Watu huununua wakidhani umetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni huku huku, kuanzia Kenya kushuka Tanzania hadi KwaZulu-Natal. Waholanzi ndio walioufanya biashara kubwa miaka ya 1990. Chini ya udongo una mashina manene kama viazi yanayohifadhi maji, ndiyo maana haubabaiki na likizo ya Pasaka. Mwagilia kila baada ya wiki mbili au tatu, udongo ukiwa umekauka hasa. Unakaa hata kwenye korido yenye taa tupu, ila hapo hukua polepole, na kwa sababu hiyo bei yake huwa juu kidogo. Lipa tu. Utomvu wake huwasha mdomo, basi usiuweke mahali watoto wa wateja wanaposubiri.

Ya pili: sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima. Bei nafuu, hauchukui nafasi, na kinachouua ni maji ya kuzidi. Hapa niseme jambo: mimea mingi ya ofisini haifi kwa kiu. Hufa kwa sababu mhudumu anamwagilia kila asubuhi, mhasibu anaongeza mchana, na mwingine anamalizia na masalia ya chai. Teueni mtu mmoja. Wengine wote mikono mbali.

Ya tatu: dracaena ya shina, ndugu wa masale ambayo Wachaga huyapanda mipakani na kuyatumia kuombea msamaha. Huu ndio wa kona ya mapokezi, kwa sababu unapanda juu na kuijaza nafasi kwa chungu kimoja. Ukigusa dari, kata shina. Litachipua chini ya ulipokata, na kipande ulichokata ukikichomeka kwenye udongo kitaota. Uepushe na upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi, la sivyo ncha za majani zitageuka kahawia.

Ya nne: pothos, unaotambaa, ambao wengi wanaujua kama mmea wa pesa. Kwa ofisi yenye bajeti finyu ningeupandisha hadi nafasi ya pili, maana ukinunua mmoja, vipandikizi vyake vitatosha kila meza. Tatizo ni mtindo wa kuuweka kwenye chupa ya maji na kuusahau. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake aina ya Aedes hupenda maji kama hayo. Badilisha maji na usugue chupa kila wiki, au uupande kwenye udongo. Sahani za chini ya vyungu nazo zimwagwe.

Ya tano: spathiphyllum, wenye ua jeupe. Mzuri, lakini una makuu: ukikosa maji unalala chini wote, ukinyweshwa unainuka tena. Ununue ikiwa tu yupo mtu anayependa mimea.

Saintpaulia, ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, naliweka mwisho kwa uchungu. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892 na sasa limejaa madirishani Ulaya, lakini hewa kavu ya kiyoyozi hailifai. Linafaa meza moja iliyo karibu na dirisha lisilo na jua kali. Ficus benjamina, ule mti mdogo wa ndani, nauacha kitaluni kabisa. Ukihamishwa tu unapukutisha majani.

Ukifika kitaluni, geuza majani uangalie chini: utando mweupe unaonata ni wadudu, na watahamia kwenye mimea mingine. Chagua uliokaa chini ya neti, si uliokuwa juani. Mizizi ikiwa imetoboa kiriba na kuingia ardhini, itakatika wakati wa kung'olewa. Usikubali chungu kisicho na tundu, hata kiwe cha kauri ya kuvutia. Kuhusu bei, patana ya mmea peke yake na ya chungu peke yake, kwa kuwa chungu mara nyingi ndicho kinachokula fedha. Cha saruji kwa ghorofa ya nne bila lifti, fikiria nani atakibeba kabla hujalipa.