Kozi ya usimamizi wa washauri nasaha hapa Mwanza: inastahili ada yake, ila kuna mambo matatu ya kuuliza kabla hujalipa

Mimi ni mshauri nasaha kwenye kliniki ya VVU inayohudumia wavuvi na familia zao. Kazi ya kumsikiliza mteja niliisomea. Kazi ya kumsikiliza yule anayemsikiliza mteja hakuna aliyenifundisha. Ilikuja na barua ya kupandishwa cheo, na kesho yake asubuhi vijana wanne walikuwa chini yangu. Ndiyo maana niliposikia kuna shirika hapa mjini linaendesha kozi ya usimamizi wa kitaalamu kwa washauri nasaha, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii, nilijiandikisha. Nimemaliza, cheti ninacho. Wenzangu wengi wananiuliza kama inafaa, basi naandika yote hapa.

Ada ni shilingi 650,000, unalipa kwa awamu mbili. Vipindi ni Ijumaa mchana na Jumamosi kutwa, mara mbili kwa mwezi, kwa miezi minne. Mpangilio huo peke yake naupa alama za juu. Semina tulizozoea ni za siku tano mfululizo: unapewa begi na kalamu, unarudi kituoni unakuta foleni imefika getini, na kabrasha linaingia kabatini moja kwa moja. Hapa unajifunza kitu Jumamosi, Jumatatu unakijaribu kwa mtu halisi, na kikikushinda unarudi nacho darasani.

Sisi tulio kwenye vituo tunaposikia usimamizi tunajua maana yake: gari limefika, rejista zinafunguliwa, orodha ya ukaguzi inajazwa, tunaambiwa takwimu za robo mwaka haziendani, chai, kwaheri. Kazi hiyo ina umuhimu wake. Lakini hakuna anayeuliza yule dada aliyempa majibu mtoto wa miaka kumi na minne jana amelala vipi. Kozi hii inaanzia kwenye swali hilo. Siku ya kwanza tulifundishwa mgawanyo wa Brigid Proctor, Mwingereza aliyeandika juu ya jambo hili miaka ya 1980: msimamizi analinda viwango vya kazi, anakuza ujuzi wa mtu, na anamrudishia mtu nguvu. Mwezeshaji akatuambia tuandike wiki iliyopita kila mmoja wetu alitumia muda gani kwenye kila kazi. Chumba kilinyamaza. Karibu wote safu ya tatu ilikuwa tupu.

Moyo wa kozi ni mazoezi ya watu watatu watatu. Mmoja ni msimamizi, wa pili analeta kesi yake ya kweli, wa tatu anakaa pembeni na daftari, haongei. Nieleze zoezi moja ili msomaji aone kinachofanyika, na maelezo ya mteja nimeyabadilisha. Kaka mmoja, muuguzi, alileta kesi ya mama kijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, anayekosa tarehe zake za dawa. Aliieleza haraka haraka, macho kwenye karatasi. Mwenzetu aliyekuwa msimamizi akaanza kumpa ushauri mzuri kabisa: mpigie simu, mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mpe dawa za miezi mitatu. Kila ushauri yule kaka alijibu, “Nimeshafanya hivyo, dada.” Mwezeshaji, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akasimamisha zoezi.

“Mwanangu, huyo mama akija kliniki anakaaje?”

“Anaongea haraka, Mama. Haniangalii. Nikimshauri ananiambia ameshafanya.”

Hakumalizia. Alijisikia mwenyewe anavyoongea. Wataalamu wa fani hii wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1950: yanayotokea kati ya mshauri na mteja wake hujirudia kati ya mshauri na msimamizi wake, na hakuna aliyepanga. Nilikuwa nimelisoma, lakini kuliona likitokea kwa mtu aliyeketi mbele yangu ni kitu kingine. Yule mwenzetu aliacha ushauri, akamuuliza ni kitu gani anakiogopa siku ya kliniki huyo mama akikaribia mlango. Kaka akasema anaogopa kusikia kwamba mume anampiga, kwa sababu hajui atampeleka wapi. Kumbe shida haikuwa tarehe za dawa. Zoezi zima halikufika nusu saa.

Vilevile tulifundishwa macho saba ya Peter Hawkins na Robin Shohet wa Uingereza: unaitazama kesi kwa kumwangalia mteja, halafu njia alizotumia mshauri, uhusiano wao, mshauri mwenyewe, uhusiano wake na wewe, wewe mwenyewe, na mwisho mazingira yanayowazunguka wote. Jicho la saba ndilo lililotufaa zaidi sisi watu wa ziwa. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa anapumzika. Mpangie tarehe ya kliniki wakati wa giza, hatakuja, na mshauri atajiona ameshindwa kazi. Kwa upande wa Marekani tulipitia mfano wa Janine Bernard wa mwaka 1979, unaokutaka ujue sasa hivi umevaa kofia gani: mwalimu, mshauri au mtaalamu mwenza. Hilo lilipita haraka mno, nilitamani tupewe Jumamosi nzima.

Sasa mapungufu, ndiyo yale mambo matatu ya kuuliza, na la kwanza ni zito. Tuliagizwa turekodi sauti ya kikao kimoja na mteja, kwa ridhaa yake, halafu tuitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili wote wasikilize. Nilikataa. Mteja anayekubali kurekodiwa ili mshauri wake ajifunze hajakubali sauti yake ilale kwenye simu ishirini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazohitaji ulinzi wa ziada. Hata bila sheria, Mwanza ni mji ambao sauti ya mtu inatambulika sokoni. Niliwaeleza waandaaji kwa maandishi. Kwa heshima yao walinisikiliza: agizo likabadilishwa, tukarekodi kikao chetu sisi kwa sisi, tukasikiliza darasani na kufuta papo hapo. Lakini hakikisha unauliza, huenda kundi linalofuata likaagizwa upya.

La pili ni suala la bosi. Kwenye vituo vyetu vingi msimamizi wa kitaalamu ndiye huyohuyo anayejaza fomu ya utendaji kazi na kusaini likizo. Mtu atakuelezaje kwamba jana alilia chooni, akijua Juni unampa alama? Hili lilipewa saa moja tu kabla ya chakula. Tuliambiwa tuandike mkataba wa usimamizi: tunakutana lini, kumbukumbu anakaa nazo nani, siri inaishia wapi. Mfano wa mkataba waliotupa ni mzuri, na unataja wazi kwamba habari za mtoto anayedhulumiwa hazifichwi, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Ila kama wewe ni bosi na msimamizi kwa wakati mmoja, mkataba hautoshi. Nilichoamua mimi ni kubadilishana na mwenzangu wa kituo jirani: yeye anawasikiliza vijana wangu, mimi wake, na fomu za utendaji kila mtu anabaki na zake. Jibu hilo lilipatikana wakati wa chai, tukila mihogo barazani, wala halikuwa kwenye kabrasha.

La tatu: baada ya cheti hakuna kitu. Uingereza, chama cha washauri nasaha cha BACP kinamtaka mwanachama mwenye ithibati anayehudumia wateja apate usimamizi usiopungua saa moja na nusu kila mwezi, na wasimamizi nao wana wa kuwasikiliza. Sisi tulipigwa picha ya pamoja na kuagana. Msimamizi mpya anahitaji mtu wa kumpelekea kesi ngumu, hasa mwaka wa kwanza. Nimewaomba waandaaji waweke walau kikao kimoja kwa mwezi kwa waliomaliza, hata kwa kuchangia pesa ya ukumbi. Bado hawajajibu.

Makabrasha yameandikwa kwa Kiingereza kizito wakati darasa zima linaendeshwa kwa Kiswahili, na wengine tunamalizia kikao kwa Kisukuma. Yatafsiriwe. Chakula ni kizuri, sato wa siku hiyohiyo. Umeme ukikatika wawezeshaji wanaendelea bila wasiwasi.

Nani aende? Mtu mwenye miaka kadhaa ya kukaa na wateja, ambaye tayari ana watu wa kuwasikiliza. Aliyetoka chuoni juzi atapata nadharia tu, maana hana kesi za kuleta. Na kabla hujalipa, pata barua ya mwajiri inayokupa muda wa vikao kazini, vinginevyo utajifunza kitu usichoruhusiwa kukifanya.

Wanaotoka Sengerema na Geita wana nafuu siku hizi, wanavuka kwa Daraja la Kigongo–Busisi. Wenzetu wa Ukerewe ndio wanaoumia: kipindi cha Jumamosi kinaanza saa mbili na nusu asubuhi, hivyo lazima walale mjini, na ada haigusi malazi. Dada mmoja kutoka Nansio aliacha katikati kwa sababu hiyo, na alikuwa msikilizaji bora kuliko wengi wetu. Kundi lijalo waandaaji wawapunguzie watu wa visiwani ada, au wawezeshaji wapande meli wao wakafundishie Nansio.