Programu ya Seva ya Kuweka Katika Seva Pepe Unayonunua: Caddy, Nginx, Apache na Nyingine

Anayenunua seva pepe (VPS, yaani sehemu ya kompyuta kubwa ya mtoa huduma inayofanya kazi kama mashine kamili) kwa ajili ya tovuti ya duka, shule au ofisi hukabidhiwa mashine yenye mfumo wa Linux, kisha huachiwa yeye kuamua ni programu gani itakayopokea maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa. Programu ninazozipanga hapa zote ni za chanzo huria na hupakuliwa bure; kinacholipiwa ni mashine na, mara nyingi kwa gharama kubwa zaidi, muda wa fundi atakayeitunza. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ni ipi itakayobaki salama mikononi mwa mtu mwenye kazi nyingine za kufanya?

Nafasi ya kwanza naipa Caddy. Matt Holt aliitoa mwaka 2015, na sifa yake kuu ni kwamba huomba cheti cha usalama (kinachowezesha HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kati ya kivinjari na tovuti), hukiweka na kukihuisha yenyewe, ilimradi jina la kikoa limeandikwa katika faili fupi ya mipangilio, limeelekezwa kwenye seva, na poti 80 na 443, milango ambayo maombi ya wavuti hupitia, ziko wazi. Zamani hili lilikuwa jambo la kurahisisha kazi tu, lakini sasa linaelekea kuwa la lazima. Mwezi Aprili 2025, CA/Browser Forum, chombo kinachowakutanisha watoaji wa vyeti na waundaji wa vivinjari, kiliamua kufupisha uhai wa vyeti kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Aliyezoea kuhuisha cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka kufikia 2029 atalazimika kufanya hivyo kila mwezi na nusu, na siku atakayosahau, wateja wake watakuta onyo la kivinjari mahali pa duka. Upungufu wa Caddy ni kwamba mafundi wanaoijua bado ni wachache, na kuongeza moduli (kipande cha kuipa kazi mpya) kwa kawaida hudai programu nzima ijengwe upya.

Nginx ni ya pili, ingawa penye wasomaji wengi na fundi wa kudumu ningeitanguliza. Igor Sysoev alianza kuiandika mwaka 2002 na kuitoa hadharani 2004, akikusudia seva moja ihudumie maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja bila kumaliza RAM, na ndiyo maana hutulia hata katika seva pepe ya GB 1. Mnunuzi aijue pia historia ya umiliki wake. Kampuni ya Marekani ya F5 iliinunua kampuni ya Nginx mwaka 2019 kwa takriban dola milioni 670. Sysoev aliondoka mwanzoni mwa 2022. Na Februari 2024 Maxim Dounin, mmoja wa waandishi wake wakuu, alijitenga na kuanzisha freenginx, nakala ya Nginx inayoendelezwa kando, baada ya kutofautiana na F5 juu ya namna ya kushughulikia kasoro za usalama. Leseni ya BSD ya Nginx, inayomruhusu yeyote kunakili na kubadili programu, ndiyo iliyomruhusu kufanya hivyo, na leseni hiyohiyo inamlinda mnunuzi iwapo mmiliki atabadili mwelekeo. Kwa sasa nashauri kubaki na Nginx yenyewe, kwa kuwa masasisho yake hufika kupitia hazina za programu za Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux. Toleo la kulipia, Nginx Plus, ofisi ndogo haina haja nalo.

Apache, iliyoanza mwaka 1995, naiweka ya tatu, isipokuwa kwa mwenye tovuti ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya PHP na inayotegemea .htaccess, yaani faili za mipangilio zinazowekwa ndani ya folda za tovuti; huyo aichague bila kusita. Wakfu usiotafuta faida ndio unaoisimamia, wala hakuna kampuni inayoweza kuinunua. Hata hivyo, haimsamehe anayechelewa kusasisha: Oktoba 2021 toleo 2.4.49 lilikutwa na kasoro iliyowawezesha wavamizi kusoma faili zilizo nje ya folda ya tovuti, marekebisho ya 2.4.50 hayakutosha, na 2.4.51 ikafuata baada ya siku chache.

OpenLiteSpeed inafuata, na ina kasi nzuri kwa tovuti zinazoendeshwa na WordPress, lakini katika .htaccess husoma kanuni za kuelekeza anwani tu. Lighttpd ni nyepesi mno na inafaa zaidi vifaa vidogo.

Anayenunua nafasi katika seva ya pamoja, inayobeba tovuti za wateja wengi, hana uchaguzi huu, kwa sababu mtoa huduma ameshachagua, mara nyingi Apache au LiteSpeed, toleo la kulipia la OpenLiteSpeed. Huyo aulize mambo mawili kabla ya kulipa: kama cheti kinahuishwa bila yeye kuomba, na kama masasisho ya usalama huwekwa mara yanapotoka.