Spika za milangoni kwenye IST: kazi ya fundi wa Ilala

Spika ni Pioneer za inchi 6.5, jozi moja, zile zenye twita (kispika kidogo cha sauti za juu) katikati ya koni. Gari ni Toyota IST ya 2004, milango ya mbele. Spika nimezinunua shilingi 140,000, ufundi 40,000, kwenye karakana ndogo Ilala ya mzee mmoja na kijana wake. Nimeshazisikiliza kwenye foleni ya Buguruni na kwenye barabara ya Morogoro hadi Chalinze, na msimamo wangu ni huu: ile 40,000 ya fundi ndiyo iliyoleta muziki.

Hapa Dar spika nyingi zinafungwa hivi: kava la mlango linang'olewa kwa bisibisi hadi klipu zinakatika, plagi ya Toyota inakatwa kwa koleo, waya zinasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu, halafu lile karatasi la nailoni lililobandikwa nyuma ya kava linachanwa na kutupwa. "Halina kazi hilo, bosi." Lina kazi! Mvua ikinyesha, maji hupita pembeni ya kioo na kuingia ndani ya mlango, yanateremka na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Mlango wangu mmoja wa nyuma ulifungwa spika hivyo kwa fundi mwingine kabisa, na masika yalipoingia kava likavimba kwa ndani na zulia likaanza kunuka.

Mzee wa Ilala hakugusa bisibisi kwanza. Aliwasha redio, akapandisha vioo vyote na kuvishusha, akabonyeza loki. Anataka kujua nini kilikuwa kizima kabla hajafungua, ili asije kubishana na mteja baadaye. Nilimpenda hapo hapo. Kisha akatafuta skrubu zilizojificha chini ya vifuniko vidogo, akaanza kuchomoa kava kutokea chini kwa kipande cha plastiki, klipu moja baada ya nyingine, na zote zikatoka nzima. Nailoni akaibandua taratibu, ile gundi nyeusi ikivutika kama ubani wa kutafuna.

Spika ya kiwandani ya Toyota imeumbwa pamoja na fremu yake ya plastiki, na fremu hiyo ndiyo inayoisogeza mbele ili sumaku isiguse kioo kikishuka. Ukiitoa na kupachika spika mpya moja kwa moja kwenye bati, umejitafutia balaa. Yeye aliweka ringi ya plastiki ya kuziba hiyo nafasi, akakaza skrubu mbili tu, akashusha kioo hadi mwisho, akapenyeza kidole kati ya sumaku na kioo huku kijana amemulika tochi. Kidole kilipita. Ndipo akakaza zilizobaki.

Kwenye waya alinifurahisha zaidi. Hakukata plagi, alitumia waya wa kuunganishia wenye plagi ya Toyota upande mmoja. Na kabla ya kuchomeka alichukua betri ya rimoti, ya volti 1.5, akaigusisha kwenye ncha mbili za kila spika. Koni ikiruka kuelekea nje, basi ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Jambo dogo, ila wengi wanaliruka. Spika moja ikigeuzwa waya, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inapotea garini hata kama spika ni za laki tano. Mwisho akazungushia sponji kwenye ukingo wa spika ili sauti itoke kwenye matundu ya kava, isipotelee ndani ya mlango. Akazibua matundu ya maji kwa kipande cha waya, akarudisha nailoni.

Sasa spika zenyewe. Boksi limeandikwa wati 300 kwa herufi kubwa. Hiyo iache. Tafuta nguvu ya kawaida, ile spika inayoweza kuibeba muda wote, ambayo kwenye boksi langu ni wati 40. Redio nyingi zinazoandikwa 50 mara 4 (yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne) zinatoa kwa uhakika kama wati 15 hadi 22 kwa kila spika, kwa hiyo spika hizi zinaibeba redio bila wasiwasi, na amplifaya si lazima. (Redio yangu nilishaibadili zamani, ile iliyokuja na gari kutoka Japani ilianza 76 na kuishia 90, na stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo.)

Sauti ya katikati ni safi mno. Kwenye muziki wa dansi wa zamani nasikia gitaa la solo na la kati kila moja limekaa mahali pake, na mtangazaji anaposoma taarifa ya habari huhitaji kuongeza sauti hata madirisha yakiwa wazi. Besi ipo, imekaza, ila haishuki sana. Mtu wa singeli anayetaka kiti kitikisike atafute wufa, spika kubwa ya besi, ya kwenye buti. Twita nazo ni kali ukipandisha sana, na kwa kuwa spika ya mlango inaelekea magotini, nimepunguza trebo (sauti za juu) kidogo na kusogeza sauti mbele kwenye mipangilio ya redio.

Kasoro ya karakana: hakuna pa kukaa, unasimama juani asubuhi nzima, na hawana zile shuka za lami za kubandika kwenye bati kuzuia mtetemo. Mlango wa kulia unatetema nikipita robo tatu ya sauti. Mzee aliniambia mapema kwamba utatetema, na hakunidai hela ya kitu asichokuwa nacho.

Kuhusu kununua, spika feki ni nyingi Kariakoo na maboksi yao ni mazuri. Nunua panapotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na omba zijaribiwe kwa redio kabla hujalipa. Milango ya nyuma nampelekea mzee yule yule, na shuka za lami nitakwenda nazo mwenyewe.