Usambazaji wa Coca-Cola: kiini husafiri, chupa hurudi

Soda yenyewe haivuki bahari. Kampuni huuza kiini kilichokolea. Kiwanda cha ndani ya nchi kinaongeza maji, sukari na gesi, kinajaza chupa na kuzipeleka sokoni. Sehemu kubwa ya uzito wa soda ni maji, na maji hayaagizwi kutoka Atlanta, Marekani, yaliko makao makuu ya kampuni. Ukiukagua mtandao huu, anzia hapo.

Mpango huo ulianza Marekani mwaka 1899. Mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipewa na Asa Candler, mmiliki wa kampuni wakati huo, haki ya kujaza chupa karibu nchi nzima kwa dola 1. Kwa kuenea, tunautolea alama zote: mitaji ya viwanda ilitoka mifukoni mwa wengine, na kufikia 1906 chupa zilikuwa zikijazwa Cuba na Panama. Kwa mkataba, alama ni za chini mno. Bei ya shira, yaani kiini ambacho wakati huo kampuni ilikiuza kikiwa tayari na sukari, ilifungwa bila kikomo cha miaka; sukari ilipopaa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba ukawa kitanzi kwa kampuni, na mwaka 1920 kampuni na wajazaji wa chupa wakafikishana mahakamani.

Vita vya Pili vikaja na msukumo mwingine. Robert Woodruff, mkuu wa kampuni, aliagiza kila askari wa Marekani apate chupa kwa senti 5 popote alipo. Mwaka 1943 Jenerali Eisenhower wa jeshi la Marekani aliomba viwanda 10 vya kujaza chupa kwa ajili ya Afrika Kaskazini, na hadi vita vinaisha viwanda 64 vilikuwa vimepelekwa ng'ambo. Mshindani gani angeshindana na meli za jeshi?

Kwa upande wetu wa Afrika, hatua yenye maana zaidi ni vituo vidogo vya usambazaji vilivyoanzia Addis Ababa mwaka 1999 na kuenea hadi Tanzania. Lori haliingii vichochoroni, na mwenye kibanda hana fedha wala nafasi ya kuweka kreti 20. Kituo hupokea mzigo wa lori, kisha mkokoteni au guta hupeleka kreti moja moja, hata kila siku. Hapo huduma ni nzuri kweli.

Udhaifu uko kwenye chupa ya kioo. Kreti ya chupa 24 za mililita 300 ina lita 7.2 tu za soda, lakini kioo kinabebwa kwenda na kurudi. Duka lisilo na chupa tupu hulipa dhamana au hukosa mzigo, na sikukuu ndipo pabaya: chupa zimelala majumbani, wateja wamepanga foleni. Plastiki imeondoa safari ya kurudi, ikahamishia tatizo kwenye mitaro.

Mwenye duka akague midomo ya chupa kabla mkokoteni haujaondoka. Chupa iliyomeguka haibani kizibo, gesi hutoka, na itakataliwa ikirudishwa. Hasara humwangukia aliyeipokea bila kuitazama.