NGF ya panya: ghali, lakini inafanya kazi
Nimeitumia NGF hii, protini inayokuza seli za neva, kwenye seli za PC12 (seli za uvimbe wa panya zinazotumika maabara kama mfano wa seli za neva), nanogramu 50 kwa mililita. Baada ya siku chache zilichipua nyuzi ndefu, mpaka msimamizi wangu akaja kuchungulia darubini. Protini hii ikishika kipokezi cha TrkA, seli ya neva hupata amri ya kuishi. Lakini proNGF, umbo lake changa, ikishika vipokezi vingine, p75 pamoja na sortilini, seli hujiua. Ndiyo maana imenikera kwamba karatasi ya maelezo haitaji kiasi cha proNGF kilichobaki. Kwa bei ile! Mzigo ulifika ungali na barafu kavu, ahsanteni. Igawanyeni mapema kwenye vichupa vidogo mgandishe. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena huiharibu. Nyota nne.