Toroli la gurudumu moja katika kazi ya kuupendezesha mji
Kikundi chetu cha kujitolea, ambacho hutunza maua ya kando ya barabara pamoja na bustani ya mboga ya jumuiya, kimelitumia toroli hili la chuma kwa msimu mzima kubebea samadi, mboji, miche na takataka. Sifa yake kubwa ni kwamba karai limekaa mbele, karibu na gurudumu, hivyo sehemu kubwa ya uzito hubebwa na ekseli (mhimili wa gurudumu) badala ya mikono, na hata wazee wetu (ambao, kusema kweli, hufika kazini mapema kuliko vijana) hulisukuma bila taabu. Hupita vizuri katika vijia vyembamba kati ya matuta, ingawa likijazwa udongo uliolowa hupinduka upesi.

Kilichotuudhi ni tairi la upepo, kwa kuwa miiba ya matawi tuliyopogoa ilitoboa tyubu mara tatu, na siku moja tulibeba miche kwa ndoo hadi jioni. Ningeshauri anayelinunua achague tangu mwanzo lenye tairi gumu lisilojazwa upepo, japo hilo hurukaruka zaidi kwenye mawe. Vishikio vya mpira navyo vimeanza kulegea.